Mwalimu Mstaafu na Rangi Zake

Imekuwa desturi yetu kumdhania mtu aliyestaafu kuwa kazi yake duniani imekwisha, na kwamba lililobaki ni kungoja pensheni na kusimulia yaliyopita. Maisha ya Alma Thomas, Mmarekani Mweusi, yanatufundisha vingine.

Bibi huyu, ambaye mama yake alikuwa mshonaji wa nguo, alizaliwa mwaka 1891 mjini Columbus, katika jimbo la Georgia, ambako ubaguzi wa rangi ulitawala. Mwaka 1907 wazazi wake walihamia Washington kutafuta usalama na shule bora. Mwaka 1924 akawa mtu wa kwanza kuhitimu masomo ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard. Tangu hapo hadi mwaka 1960 alifundisha shule moja mjini humo, na uchoraji wake mwenyewe ukaambulia masalio ya wakati tu.

Alipostaafu, umri ukikaribia miaka 70, ndipo alipoitoa nafsi yake yote kwa rangi. Baridi yabisi ilimtesa viungo. Hata hivyo, alikaa dirishani akitazama jinsi mwanga wa jua ulivyopenya katika majani ya mti uliokuwa mbele ya nyumba yake. Akaanza kuupanga mwanga huo juu ya turubai, kipande kwa kipande, nyekundu, manjano na buluu, kwa mistari na kwa duara, mithili ya bustani itazamwayo kutoka angani. Hakuchora tena sura za watu wala nyumba; rangi ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilimfanyia maonyesho ya peke yake. Hakuna mwanamke Mweusi wa Marekani aliyepata kupewa heshima hiyo kabla yake. Naye alizaliwa mahali ambapo watoto Weusi hawakuruhusiwa hata kuingia katika majumba ya namna hiyo. Alifariki mwaka 1978. Picha yake ya mwaka 1966, iitwayo "Resurrection", ilitundikwa katika Ikulu ya Marekani mwaka 2015.

Hatusemi kwamba kila mstaafu atakuwa mchoraji mashuhuri. Lakini mapenzi ya rangi hayakumjia Bibi Thomas uzeeni. Kilichomjia ni wasaa. Nasi tunao mama na bibi wengi wanaotia miaa rangi na kusuka mikeka ipendezayo, ambao hakuna aliyepata kuwapa brashi. Tuwape, kisha tungoje tuone.