Kumaliza Vita Si Kupatana

Wako watu wadhanio kwamba vita humalizika siku mizinga inaponyamaza. Sisi hatuoni hivyo. Mizinga ikinyamaza, kilichokoma ni kelele. Ugomvi wenyewe hukoma siku wale waliogombana wanapokubali mioyoni mwao kwamba yaliyoamuliwa yanavumilika. Kabla ya siku hiyo, amani ni kama moto wa pumba: juu majivu, chini makaa.

Mfanyakazi hana haja ya kufundishwa jambo hili. Mgomo ukivunjwa kwa rungu na njaa, watu hurudi kazini asubuhi vichwa chini, na mwajiri hujisifu kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha, yamehamia moyoni, na huko hukaa yakingoja siku. Lakini mgomo uliomalizwa mezani, hata kama kila upande umepata nusu tu ya ulichotaka, huacha watu wawezao kutazamana usoni. Mataifa nayo ni vivyo hivyo, ila yakikosea hulipa kwa damu ya mamilioni.

Kwa ajili hiyo twataka kuutazama tena Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ulikusudiwa kuleta amani ya kudumu. Miaka 20 na miezi miwili baadaye Ulaya ilikuwa vitani tena.

UKUMBI MMOJA, BEHEWA MOJA

Habari hii haikuanza mwaka 1919. Wajerumani walipowashinda Wafaransa katika vita vya 1870 na 1871, hawakuitangaza dola yao mpya katika mji wao wa Berlin. Waliitangaza tarehe 18 Januari 1871 katika jumba la wafalme wa Ufaransa huko Versailles, ndani ya Ukumbi wa Vioo. Kisha wakatwaa jimbo la Alsace na sehemu ya Lorraine, na wakatoza fidia ya faranga bilioni 5. Fedha zile Wafaransa walizilipa, wakamaliza mwaka 1873. Lakini aibu ya kushindwa na kudhihakiwa nyumbani mwao hawakuisahau, na kizazi kizima kilikua kikiikumbuka.

Zamu ya Ufaransa ilipofika, mkutano wa amani ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919, siku ile ile. Mkataba ukatiwa sahihi katika ukumbi ule ule. Waliouchagua ukumbi huo walijua maana yake, na wajumbe wa Ujerumani walioitwa kuja kutia sahihi walijua vilevile.

Kuna na behewa. Tarehe 11 Novemba 1918, katika msitu wa Compiègne, Wajerumani walitia sahihi ya kusimamisha mapigano ndani ya behewa la gari moshi la Jemadari Foch wa Ufaransa. Wafaransa walilihifadhi behewa hilo kama ukumbusho wa ushindi. Mwaka 1940 jeshi la Hitler lilipoivunja Ufaransa, Hitler aliamuru behewa litolewe katika jumba lake la makumbusho na kurudishwa mahali pale pale msituni, na humo Wafaransa wakalazimishwa kutia sahihi ya kushindwa tarehe 22 Juni. Kisha behewa likachukuliwa Berlin.

Hebu tuyapange mambo haya: 1871, 1919, 1940. Kila mshindi alidhani anaufunga mlango, kumbe anamkabidhi mwenziwe ufunguo wa kisasi.

JINSI ULIVYOTENGENEZWA

Mkataba wa Versailles ulikuwa na vifungu 440. Mambo makubwa yaliamuliwa hasa na watu watatu: Clemenceau wa Ufaransa, Lloyd George wa Uingereza na Rais Wilson wa Marekani, Orlando wa Italia naye alikuwapo, lakini sauti yake haikuwa nzito kama zao. Ujerumani haikupewa kiti. Wajumbe wake waliitwa tarehe 7 Mei 1919 wakabidhiwe masharti yaliyokwisha andikwa. Hawakuruhusiwa kujadiliana kwa mdomo, waliruhusiwa kujibu kwa maandishi tu. Machache yakabadilishwa, kisha wakaambiwa wakubali au majeshi yasonge mbele. Waziri Mkuu Scheidemann alijiuzulu kuliko kukubali. Wengine wakatia sahihi kwa niaba ya taifa lililokuwa bado limezuiliwa njia za bahari, wakati chakula kilikuwa haba. Tangu siku hiyo Wajerumani waliuita mkataba ule “amri”.

Masharti yenyewe yalikuwa mazito. Ujerumani ilipoteza karibu sehemu moja katika nane ya ardhi yake ya Ulaya, na makoloni yake yote. Jeshi lake lisizidi watu 100,000. Ndege za vita na nyambizi zikapigwa marufuku. Mwaka 1921 fidia ikatajwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Na kifungu cha 231 kikasema kwamba Ujerumani na wenzake ndio wenye kubeba dhima ya hasara zote zilizotokana na vita. Neno “hatia” halimo katika kifungu hicho, na wanasheria walikiandika ili kuweka msingi wa madai ya fedha. Lakini Mjerumani wa kawaida hakukisoma kama mwanasheria. Alikisoma kama mtu aliyeambiwa mbele ya ulimwengu kwamba yeye peke yake ndiye mkosa.

Hapo twaona kosa ambalo si la fedha. Deni la fedha, hata likiwa kubwa, laweza kupunguzwa, na kweli masharti ya kulilipa yalilegezwa mwaka 1924 na mwaka 1929. Aibu haina hesabu, wala haina risiti.

HAKI NI LAZIMA ISEMWE

Hata hivyo tusije tukageuka watetezi wa mtu asiyestahili. Ujerumani haikuwa kondoo. Vita vilipiganwa sana katika ardhi ya Ufaransa na ya Ubelgiji; mashamba, migodi na miji ya huko ndiyo iliyoharibiwa, na mjane wa Kifaransa alikuwa na haki ya kuuliza ni nani atakayejenga tena nyumba yake. Tena Wajerumani wenyewe, walipokuwa wakishinda upande wa mashariki, waliishurutisha Urusi kukubali Mkataba wa Brest-Litovsk wa tarehe 3 Machi 1918, uliokuwa mkali kuupita ule wa Versailles. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala si kweli kwamba mkataba peke yake ndio uliomleta Hitler. Katika uchaguzi wa mwaka 1928, miaka tisa baada ya Versailles, chama chake kilipata kura zisizofika 3 katika kila 100. Mwaka 1932, watu zaidi ya milioni 6 walipokuwa hawana kazi, kilipata 37 katika kila 100. Tofauti ni njaa. Kinyongo kilikuwapo miaka yote ile kama mafuta ya taa chumbani. Ukosefu wa kazi ndio uliowasha kibiriti.

Na walikuwapo waliokichochea kinyongo hicho kwa uongo. Majemadari wa Ujerumani ndio walioomba vita visimamishwe mwaka 1918, kwa kuwa walijua wameshindwa. Lakini waliwaachia raia wakatie sahihi, kisha wakaeneza maneno kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa, wasoshalisti na Wayahudi. Matthias Erzberger, aliyetia sahihi ndani ya lile behewa, aliuawa na wazalendo wakali mwezi Agosti 1921. Mwaka 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr kudai fidia iliyochelewa. Wafanyakazi wa huko wakagoma. Serikali ikachapa noti za kuwalisha. Mwezi Novemba dola moja ya Marekani ikawa sawa na marki trilioni 4.2. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliikuta haitoshi kununua mkate. Mtu wa namna hiyo hahitaji ushahidi mwingi ili kuamini uongo, ila ahitaji tu kuonyeshwa adui.

Kwa hiyo twasema hivi: amani mbaya haileti vita kwa nguvu zake yenyewe, lakini humwekea akiba yule atakayetaka kuvileta.

WALIOSAHAULIWA MEZANI

Ujerumani haikuwa peke yake katika manung’uniko. China, iliyokuwa upande wa washindi na kupeleka vibarua wengi Ulaya, iliona haki za Ujerumani katika jimbo la Shandong zikipewa Japani. Wanafunzi wa Peking waliingia barabarani tarehe 4 Mei 1919, na wajumbe wa China wakakataa kutia sahihi. Japani nayo iliomba mapatano ya Shirikisho la Mataifa yatamke kwamba mataifa ni sawa bila kujali rangi. Wajumbe walio wengi waliunga mkono, lakini Rais Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, aliamua kwamba kura zote zilipaswa kuwa moja, na neno likaanguka. Huko Misri, Saad Zaghlul na wenzake walipotaka kwenda kuitetea nchi yao mbele ya mkutano, walikamatwa na kupelekwa Malta, na nchi nzima ikawaka.

Na sisi Waafrika ya Mashariki? Vita vilipiganwa katika ardhi yetu miaka minne. Von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa, wakibeba risasi za watu wengine, na jina la kikosi chao cha Kiingereza limebaki midomoni mwetu kila tunapotaja Kariakoo. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi; na tembo walipokaa kupatana, nyasi hazikuitwa. Kifungu cha 119 kiliondoa nchi hizi mikononi mwa Wajerumani. Zikagawanywa: Tanganyika kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji, na pembe ya Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, kwa Wareno. Kifungu cha 22 kilieleza kwamba watu wa nchi za namna hii hawajaweza kusimama wenyewe, kwa hiyo wawekwe chini ya udhamini. Hakuna aliyewauliza wao wanaonaje.

Ajabu ni kwamba kimo kifungu kimoja, cha 246, kilichoamuru Ujerumani irudishe katika miezi sita fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka 1898 kuliko kushikwa. Marehemu alipata nafasi katika mkataba ambayo walio hai hawakuipata. Hata hiyo miezi sita haikutimizwa. Fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, miaka 35 baadaye, na Gavana Twining, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Katika miaka hiyo yote Wahehe hawakulisahau. Msomaji akitaka kujua kinyongo huishi miaka mingapi, na aanzie hapo.

FUNZO LA 1945

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo hayakuwa mepesi. Ujerumani ilishindwa kabisa, ikakaliwa na majeshi ya kigeni, ikagawanywa, ikapoteza ardhi ya mashariki, na mamilioni ya Wajerumani wakafukuzwa makwao. Adhabu ilikuwa kali kuliko ya 1919. Mbona basi haikuzaa vita vya tatu?

Twaona sababu tatu. Ya kwanza, ushindi ulikuwa dhahiri, na hapakuwa na nafasi ya kusema jeshi lilisalitiwa. Ya pili, huko Nuremberg walishtakiwa watu kwa majina yao, kila mmoja kwa matendo yake, badala ya kulivika taifa zima kosa moja. Ya tatu, ambayo kwetu ni kubwa, aliyeshindwa alipewa kazi ya kufanya na mahali pa kukaa. Ujerumani ya Magharibi iliingizwa katika mpango wa misaada wa Marshall ulioanza 1948. Mwaka 1951 makaa ya mawe na chuma, vitu vya kutengenezea mizinga, viliwekwa chini ya usimamizi mmoja wa nchi sita, Ufaransa na Ujerumani zikiwamo. Mwaka 1953, huko London, wadai walikubali kuifutia karibu nusu ya madeni yake. Sehemu ya mwisho ya madeni yaliyotokana na fidia ya Versailles ililipwa tarehe 3 Oktoba 2010, na watu wengi hawakujua hata kwamba siku hiyo imepita. Deni lililowahi kumwaga damu lilikwisha kimyakimya, kwa sababu aibu ilikuwa imekwisha kuondoka kabla yake.

Hatusemi kwamba mkosaji asamehewe tu. Mwenye nyumba iliyochomwa alipwe, na aliyeua ahukumiwe. Tunasema kwamba katika kila mapatano, yawe ya mataifa, ya koo mbili zilizogombea malisho, au ya kiwanda na vibarua wake, yapo maswali manne yapasayo kuulizwa kabla ya wino kukauka. Je, waliohusika wote walikuwapo? Je, kilichodaiwa chaweza kulipwa? Je, ameadhibiwa aliyetenda, au wameadhibiwa na watoto wake? Na aliyeshindwa atakula nini kesho?

Pale ambapo majibu ni mabaya, wananchi wasidanganywe na sherehe za kutia sahihi wala picha za wakubwa wakipeana mikono. Wachunguze chini ya majivu.