Brussels: Ufundi warudi darasani, hofu ya wazazi yabaki

Mwezi Agosti mwaka 2022, watoto wa darasa la kwanza na la pili katika shule zinazofundisha kwa Kifaransa mjini Brussels na kusini mwa Ubelgiji walianza mtaala mpya. Ndani yake kazi za mikono, ufundi, teknolojia na kompyuta zimeunganishwa kuwa somo la lazima. Mtaala huo umekuwa ukipanda madarasa kila mwaka, na kwa mujibu wa mageuzi yaliyokubaliwa mwaka 2017 umekusudiwa kumfikia kila mwanafunzi hadi umri wa miaka 15 hivi, awe mtoto wa wakili au wa mfagizi wa ofisi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Katika nchi hii mwanafunzi wa sekondari huelekezwa kwenye mkondo wa jumla, unaomtayarisha kwa chuo kikuu, au kwenye mikondo ya ufundi na ya kazi. Katika mkondo wa kazi wamejaa watoto wa maskini na wa wahamiaji, na uchunguzi wa kimataifa wa PISA umeonyesha mara kwa mara kwamba Ubelgiji ni miongoni mwa nchi tajiri ambamo hali ya wazazi ina athari kubwa katika alama za mtoto. Ndiyo maana mzazi kutoka Bukavu au Bujumbura, akiambiwa na mwalimu kwamba mwanawe ana mikono mizuri, hutoka katika kikao hicho na moyo mzito.

Daktari wa Ixelles

Wazo lenyewe si geni mjini hapa. Mwaka 1901 daktari Ovide Decroly, mzaliwa wa mji wa Ronse, alifungua mjini Brussels taasisi ya watoto waliokuwa na matatizo ya kujifunza. Aliona kuwa mtoto aliyeshindwa na maneno ya kitabuni aliweza kulielewa jambo lilelile akiligusa, akilipima na kulitengeneza. Akajiuliza: kwa nini njia hiyo iwe dawa ya wachache? Mwaka 1907 akafungua shule ya watoto wengine katika barabara ya Ermitage, Ixelles, manispaa hiyohiyo yenye mtaa wa Matonge, ambako leo wenzetu hununua sombe na samaki wakavu.

Decroly aliyapanga masomo kwa mahitaji ya binadamu: kula, kujikinga na baridi, kujilinda na hatari, kufanya kazi. Mtoto alianza kwa kutazama kitu, kisha akakilinganisha na vingine, mwisho akakieleza kwa kuandika, kuchora au kuunda. Hesabu ilikuja pale palipokuwa na kitu cha kupima. Decroly alifariki mwaka 1932. Shule yake, iliyohamia Uccle, ipo hadi leo.

Mikono ileile, makusudi mengine

Wakati huohuo, Ubelgiji ilikuwa ikiitawala Kongo, na huko nako watoto walifanya kazi za mikono shuleni. Tofauti ilikuwa katika kusudi. Walilima na kujifunza ufundi ili wabaki walipo. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na hadi uhuru mwaka 1960 Wakongo wenye shahada hawakufika hata 30. Katika makoloni ya Uingereza nako, tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya vitendo kwa Waafrika, na wazazi wengi wakaishuku mara moja. Sidhani walikosea.

Mwalimu Nyerere alijaribu kuirejeshea kazi hadhi yake kwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika shule nyingi jembe likageuka kuwa njia ya kutafuta fedha za shule, pengine adhabu.

Kenya ilifuata kwa mfumo wa 8-4-4. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa waliofanya mtihani wa kwanza wa KCPE mwaka 1985. Katika sekondari niliyopelekwa, wazazi walijenga karakana kwa harambee, ikapakwa rangi na kufunguliwa kwa hotuba. Misumeno haikufika. Mwalimu alichora randa ubaoni, nasi tukaichora daftarini na kukariri majina ya sehemu zake. Nilipata alama nzuri za useremala bila kuranda ubao hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yaliondolewa katika mtihani wa shule za msingi, na sikumsikia mtu akiyalilia.

La ajabu ni kwamba ufundi tuliujua. Jioni tulikunja nyaya tukaunda magari yenye usukani na magurudumu ya visoda. Gari likipinda upande, hakuna aliyehitaji kutuambia tumekosea: tulilegeza waya, tukapima upya. Jambo hilohilo hutokea katika karakana za umma za Brussels, kama ile ya taasisi ya iMAL kando ya mfereji huko Molenbeek. Mtu huchora kisanduku kwenye kompyuta, mashine ya mwanga wa leza hukata mbao, na pande mbili hukataa kuingiana kwa sababu alisahau unene wa ubao. Kosa liko mezani, wala halina alama nyekundu ya mwalimu.

Kinachobaki ni gharama. Kenya ilianza kuachana na 8-4-4 mwaka 2017 na kufanya KCPE ya mwisho mwaka 2023; wazazi wamelalamika kwamba vifaa vya kazi za watoto hununuliwa kutoka mifukoni mwao. Tanzania nayo iliingiza mkondo wa amali katika sekondari mwaka 2024. Kuwa mkondo kunamaanisha kwamba wapo watakaoingia na watakaopita kando, na wazazi wa Brussels wangeuliza mara moja ni watoto wa nani.