Ukienda Lamu, uliza kisima kwanza

Likizo zinapokaribia watu wa mijini huanza kuulizana: safari hii twende wapi? Wengi hutaja Lamu. Nauli hutafutwa, nguo hufungwa, na jambo linaloachwa hadi mwisho ni mahali pa kulala. Mtu hujiambia kwamba kisiwa chenyewe ni kidogo, popote ni pale pale. Leo tulitazame jambo hilo, kwa maana popote si pale pale.

Tuanze na namna kisiwa kilivyokaa. Anayekwenda kwa ndege hutua kisiwa cha jirani, Manda, kisha huvuka kwa mashua. Anayekwenda kwa basi huteremka Mokowe, upande wa bara, naye pia hupanda chombo. Mji wa Lamu uko upande wa mashariki wa kisiwa, umeelekeana na Manda. Kusini ya mji, mwendo wa kama kilomita 3, kuna kijiji cha Shela, karibu na mlango wa bahari kuu. Matondoni, kunakoundwa majahazi, iko kaskazini magharibi, na Kipungani iko kusini magharibi. Lakini kwa mgeni wa siku chache, uchaguzi hasa ni baina ya mji na Shela.

Mji ni wa yule anayependa watu. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na ukipita mtaa wa Mkomani utaona sababu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na kiwanda katikati kinachoingiza hewa na mwanga. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari huchukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ukipewa hiari, omba chumba cha juu. Chini kuna kivuli, lakini upepo uko juu. Fahamu pia kwamba misikiti ni mingi na adhana ya alfajiri itakuamsha, na punda hawaulizi kama mgeni amelala. Asiyeweza hayo asikae mjini.

Shela ni ya yule anayependa bahari. Huko ndiko kunakoanza ufuo wa mchanga wenye urefu wa kama kilomita 12. Nyumba za kulala wageni ni nyingi, na kwa kawaida bei zake hupita za mjini. Kumbuka kwamba ufuo huo umefunguka kwenye bahari kuu. Wakati wa kusi, baina ya Aprili na Septemba, mawimbi huwa makubwa na mwenye watoto hana budi kuwa macho. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia lakini joto huzidi. Na anayetaka kutembea kwa miguu baina ya mji na Shela aulize kwanza habari za maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari ikijaa huifunika njia ya pwani, na hapo itakubidi ulipe mashua.

Na anayekwenda kwa ajili ya Maulidi, ambayo kilele chake huwa mwisho wa Mfungo Sita, atafute chumba mapema, na akitafute mjini. Shughuli zote ziko huko, kuuzunguka msikiti wa Riyadha mtaani Langoni.

Hayo yote mwenye nyumba atakueleza kwa furaha. Sasa nifike kwenye lile ambalo wageni wengi hawaulizi: maji.

Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga. Mgeni huviona kuwa mahali pa kupigia picha jua linapotua. Kumbe hivyo ndivyo tangi la Lamu. Mvua inyeshapo, mchanga huyanywa maji na kuyahifadhi chini, na visima vilivyochimbwa hapo ndivyo vinavyounywesha mji. Maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi, mfano wa mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Kwa hiyo yakivutwa kupita kiasi hata yakashuka kidogo tu juu, chumvi hupanda sana chini. Na kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka mingi ya mvua. Ukijenga juu ya mchanga huo, au ukachimba mashimo ya vyoo ndani yake, unalitoboa na kulichafua tangi lenyewe.

Wanaodhani natia chumvi mimi wavuke hadi Manda wakaitazame Takwa. Ulikuwa mji wenye msikiti na ukuta, ukahamwa katika karne ya 17, na sababu inayotajwa mara nyingi ni visima kuharibika kwa chumvi. Watu wake, kwa masimulizi ya wenyeji, walivuka wakakaa Shela. Na watu wa Shela wana desturi ya kurudi Takwa kuomba dua, na wanachokiomba ni mvua.

Sasa tupige hesabu ndogo. Bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha mita moja na nusu huchukua lita 75,000. Tuseme familia moja inatumia mitungi mitano ya lita 20 kwa siku. Bwawa hilo moja ni maji ya familia hiyo kwa siku 750, yaani zaidi ya miaka miwili. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Kisiwani, maji ya bwawa la mmoja ni kisima cha wengi.

Sisemi watu wasiende Lamu, wala wasilale Shela. Mji unahitaji wageni, na mwenye nyumba, nahodha, muuza samaki na mchukuzi wote wanawangojea. Ninachosema ni kwamba kabla ya kutoa arubuni, pamoja na kuuliza bei na feni, uliza maswali matatu. Nyumba hii imejengwa wapi, kijijini au juu ya mchanga? Maji yake yanatoka wapi: kisimani, mvuani au baharini? Na maji machafu yanakwenda wapi? Mwenye nyumba akiulizwa hayo na mgeni mmoja atacheka. Akiulizwa na wageni ishirini ataanza kutafuta majibu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa, na hatapona iwapo mgeni akiondoka kisima kimebaki na chumvi. Hadi juma lijalo, kwaherini.