Nyonga ya Chuma Ikilegea

Wako wazee wetu waliotiwa nyonga ya chuma, wakaacha magongo, wakatembea vema miaka mingi. Halafu maumivu yanarudi. Wengine husema, "Ni uzee tu," nao wananyamaza. Lakini kunyamaza kunaharibu mfupa.

NYONGA HII NI NINI?
Kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kikiharibika, munganga hukiondoa na kutia kichwa kingine chenye shina la chuma linaloingia ndani ya paja, pamoja na kikombe kipya. Mwaka 1962, huko Uingereza, munganga John Charnley alianza kutumia kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Waganga wengi wakafuata njia hiyo.

KWA NINI INALEGEA?
Zaidi ya nusu ya nyonga hizi hudumu miaka 25. Lakini kichwa kikisugua plastiki kila siku, vumbi dogo sana hutoka. Mwili hupigana na vumbi hilo, na katika vita hiyo mfupa wenyewe unaliwa. Ndipo chuma hucheza, kama mpini wa jembe katika tundu lililopanuka. Mara nyingine sababu ni vijidudu, au kuanguka.

DALILI ZAKE
1. Maumivu katika kinena au paja, hasa ukianza kuinuka na kutembea.
2. Mguu unakuwa mfupi, au unageuka.
3. Homa, au usaha unatoka penye kovu. Basi, njoo upesi!

Usikubali mtu akukande au akuvute mguu. Mfupa uliokwisha kuliwa huvunjika kwa urahisi.

MUNGANGA ATAFANYA NINI?
Atapiga picha ya mifupa, atapima damu, na pengine atavuta maji ya kiungo kwa sindano atafute vijidudu. Kisha atapasua, aondoe chuma cha zamani, ajaze mashimo kwa mfupa mwingine ikihitajika, atie shina refu zaidi. Vikiwako vijidudu, mara nyingi hupasua mara mbili, na katikati mgonjwa hupewa dawa majuma kadhaa.

Kazi hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza. Damu nyingi zaidi hupotea, na nyonga mpya huteguka kwa urahisi zaidi. Si kila hospitali inaiweza. Kwa hiyo jamaa watafute mapema damu, gharama na njia ya safari. Wala wasiseme, "Mama amezeeka, tumwache." Munganga hatazami miaka peke yake, hutazama moyo, mapafu na damu.

AKIRUDI NYUMBANI
Atembee kila siku kwa magongo, kama alivyofundishwa. Asikunje miguu mmoja juu ya mwingine, asikae juu ya kiti kifupi wala mkeka, asichuchumae chooni. Watoto wamtengenezee kiti cha choo kirefu. Kidonda au jino bovu litunzwe upesi.

Mwenye nyonga ya chuma, hata asiposikia maumivu, aje kupimwa kwa wakati aliopewa. Picha huonyesha mfupa unaoliwa kabla mguu haujalia.