Mbio Ndefu na Pumziko

Wako vijana wa Kisangani wanaotaka kuwa na pumzi ndefu, nao hukimbia sana kila siku. Baada ya majuma machache magoti yanauma, usingizi unapotea, na mwendo wao umekuwa wa pole kuliko mwanzo. Sababu ni nini? Wanafanya kazi, lakini hawapumziki.

Fahamu jinsi mwili unavyojengwa. Mbio ndefu hupunguza akiba ya sukari katika nyama za miguu, na nyama zenyewe huumia kidogo kidogo. Ukila na kulala vema, mwili hutengeneza yaliyoharibika na kuyaongeza nguvu. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu huongezeka. Apandaye mihogo haichimbui kila asubuhi kutazama kama imekua.

Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na 2021, alipokuwa akifanya mazoezi huko Kaptagat alikimbia kilomita 30 au 40 mara moja kwa juma. Mbio zake nyingi nyingine zilikuwa za polepole.

Basi shika mambo haya:

1. Kimbia njia ndefu mara moja tu kwa juma, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako.

2. Siku ya pili yake pumzika, au tembea tu. Kama unabeba watu au mizigo kwa baiskeli, ihesabu kazi hiyo pia, maana miguu ni ile ile.

3. Ongeza njia kidogo kidogo. Kila juma la nne, ipunguze.

4. Hewa ya Kisangani ina joto na unyevu, na jasho halikauki upesi. Kimbia alfajiri, unywe maji safi. Kisha kula lituma au wali, pamoja na samaki au maharagi.

5. Kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi sana desturi yako, usikimbie siku hiyo.

6. Ukiwa na homa, usikimbie hata kidogo. Nenda upimwe damu. Malaria huharibu chembe nyekundu zinazochukua oksijeni. Ukiisha kupona, anza tena polepole. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, au kifua kikiuma, usingoje kesho: nenda hospitali mara moja.

Kupumzika si uvivu. Ni nusu ya kazi yenyewe.