Maji Yamekuja

Mjukuu wangu ana miaka mitano. Juzi alirudi kutoka chekechea na karatasi ya picha, akaketi nami barazani akanisomea: huyu daktari, huyu askari, huyu mwalimu, na huyu wa zimamoto. Hawa, asema mwalimu wao, ndio wanaotusaidia. Nikamsifu. Ingawa, tuseme kweli msomaji, gari la zimamoto likiingia kwetu Kibokoni litakwama kona ya kwanza. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa punda na hamali. Moto ukizuka, wa kwanza kufika ni jirani na ndoo yake.

Tu katika hayo, mara magurudumu yakasikika nje. Mtoto akaruka: "Babu, maji yamekuja!"

Yamekuja, kama kwamba yana miguu! Mtu ameacha mkokoteni mdomoni mwa kichochoro, amejitwika mtungi wa lita 20, apanda ngazi hadi ghorofa ya pili huku akihema.

"Na anayeyaleta ni nani?" nikamwuliza.

"Ni maji, babu."

Nilitaka kumkemea, ulimi ukanikwama. Miaka sita namlipa mtu yule, na jina lake mimi pia sikulijua.

Wazee wetu walimjua mzegazega, mwenye mti begani na debe huku na huku. Mwaka 1957 bomba la kutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, likafika Mombasa, na wengi wakadhani kazi ile imekwisha. Mifereji ikikauka siku tatu, nne, ndipo tunapokumbuka kuwa haijakwisha.

Chuoni hatukuwa na karatasi za picha. Mwalimu wetu alitulazimisha kumtolea salamu kila apitaye mlangoni, hata mchukuzi wa makaa aliyejaa vumbi jeusi. Aliyemwita hamali kwa kupiga mbinja alikula bakora. Bakora sizitetei, lakini majina ya watu tuliyajua.

Safari iliyofuata nilimsimamisha mjukuu wangu juu ya ngazi. Yule bwana alipofika, mtoto akanyosha mkono: "Shikamoo, ami."

Akautua mtungi. Akapangusa kiganja kwenye kikoi chake, akaupokea mkono ule mdogo, akaitikia marahaba. Nami nikamwuliza jina lake.

Alilitaja. Kisha akanitazama, akauliza kama kuna kosa lolote alilofanya.