Kabla ya kumwagia ua lako kahawa iliyobaki, soma hapa

HUENDA umeiona hiyo video. Dada mmoja mwenye keja safi anamaliza kahawa yake, anamwaga machicha kwenye chungu cha maua, kisha kamera inaonyesha majani ya kijani yanayong'aa. Nawe ukaangalia ule mmea wako dirishani, ulioununua kando ya Ngong Road ulipohamia bedsitter, ukasema, "Hata wewe leo utakunywa."

Wiki tatu baadaye majani yanageuka manjano. Unadhani una njaa, unaongeza kahawa. Unazidi kunyauka. Ngoja kwanza, rafiki, kabla hujauzika.

Tuanze na ukweli ulio kwenye hiyo video, kwa sababu upo. Machicha ya kahawa yana nitrojeni, takriban asilimia 2 ya uzito wake, na nitrojeni ndiyo hasa inayoyapa majani rangi ya kijani. Shida ni kwamba nitrojeni hiyo imefungwa ndani ya protini. Mizizi haiwezi kuila hivyo. Lazima vijidudu vya udongoni viyaozeshe machicha kwanza, na vikiwa kazini vinachukua nitrojeni iliyokuwa tayari kwenye udongo. Kwa hivyo unadhani unaulisha mmea, kumbe umeuletea wageni wanaokula kwenye sahani yake. Shambani udongo ni mwingi, hasara hiyo haionekani. Kwenye kichungu cha lita mbili, inaonekana haraka.

Halafu kuna kafeini. Sisi huipenda kwa sababu inatukesha usiku wa kuamkia mtihani, lakini mbuni haukuitengeneza kwa ajili yako. Ni silaha yake. Inafukuza wadudu wanaotafuna majani, na inazuia mbegu na mizizi ya mimea mingine iliyo karibu isikue. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Hawaii walionyunyiza maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2, na konokono wakafa. Kikombe chako hakina kafeini kali hivyo, na machicha yaliyokwisha kuchujwa yanabaki na kidogo tu. Lakini kidogo kila asubuhi, kwenye chungu kimoja, si kidogo tena.

Kuna waliopima jambo hili kwa mimea kabisa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya kuchanganya machicha mabichi ya kahawa na udongo wa bustani za mjini. Walipanda brokoli, figili, liki, alizeti na maua ya viola. Yote yalidumaa, hata yalipoongezwa mbolea. Waliona faida mbili: udongo ulishika maji zaidi, na magugu yalipungua. Fikiria hiyo ya pili. Kitu kinachozuia magugu kitajuaje kwamba mmea wako si gugu?

Na lile dai kwamba kahawa inaongeza asidi kwenye udongo? Asidi nyingi huenda na maji uliyokunywa. Machicha yanayobaki mara nyingi hayana asidi ya kutajika. Kwa hivyo hata anayeyatumia kwa sababu hiyo hapati anachotafuta.

Sasa angalia kikombe chako vizuri. Wengi wetu hatunywi kahawa nyeusi ya kuchuja. Tunakunywa ile ya unga ya pakiti, na maziwa, na sukari vijiko viwili. Hiyo haina machicha. Inayeyuka yote, kafeini yake yote inaingia udongoni. Maziwa yanaoza na kunuka. Sukari inaita sisimizi. Machicha nayo, ukiyamwaga juu, hukauka yakawa kama sakafu: maji yanapita pembeni, katikati kunabaki kukavu. Yakibaki na unyevu, yanaota ukungu na kuleta vile vijidudu vyeusi vinavyokurukia usoni ukiwa umewasha laptop. Na kama una paka au mbwa, jua kahawa ni sumu kwake, na chungu kiko sakafuni.

Mimea inayoumia zaidi ni ile isiyopenda udongo uliolowa: mshubiri, yaani aloe vera, na ule wenye majani marefu kama upanga ambao wauzaji huuita snake plant. Miche michanga, kama dhania na sukuma wiki ulizopanda kwenye kopo barazani, usiiguse na kahawa kabisa.

Kama umeshamwaga, usipaniki. Kwangua ile tabaka ya juu uitupe. Peleka chungu bafuni, mimina maji safi polepole hadi yatoke tele chini, kisha kiache kidondoke chote. Usimwagilie tena hadi udadisi udongo kwa kidole na ukute umekauka. Ukisikia harufu ya uozo, toa mmea, kata mizizi iliyolainika na kuwa nyeusi, uupande kwenye udongo mpya. Jani lililogeuka manjano halitarudi kijani. Angalia jani jipya litakalochipuka.

Na machicha usitupe. Ukiwa na shosho Nyeri au Kirinyaga, muulize wakulima hufanya nini na maganda ya kahawa yanayotoka kiwandani. Hawayarundiki mabichi kwenye shina. Wanayaacha yaoze kwanza yawe mboji, ndipo yarudi shambani. Fanya vivyo hivyo kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa: machicha yasizidi sehemu moja kati ya tano, kingine kiwe maganda ya ndizi na mboga, majani makavu na kartoni iliyochanwachanwa. Geuza mara kwa mara, iwe na unyevu bila kulowa. Baada ya miezi kadhaa ikiwa nyeusi, inamomonyoka na inanukia udongo wa mvua, changanya kiasi kidogo kwenye chungu. Huna nafasi? Mpe jirani mwenye bustani.

Wengi wetu mmea ndio kiumbe cha kwanza tulichowahi kutunza peke yetu, bila mama wa kutukumbusha. Ndiyo maana inauma ukifa, hata kama ulikuwa wa shilingi mia mbili. Lakini mmea hauwezi kukuambia "zii, hii imezidi". Unasema kwa majani tu. Kwa hivyo ukiona yanageuka, usikimbilie kuongeza kitu. Weka kidole udongoni kwanza.

Kahawa kunywa wewe. Ua lipe maji.